Didasi Amebaki Kule

Jumamosi, Mazwi. Upepo wa Julai umevuma tangu asubuhi, ule mkavu wa huku Ufipa unaopasua midomo. Nimevaa sweta na kujitanda kanga mbili, na bado natetemeka.

Baba Tusa amerudi juzi.

Nilidhani siku nitakayoandika maneno hayo nitakuwa naimba. Leo nayaandika na moyo umenisinyaa kama ngozi juu ya moto.

Waliondoka mvua zilipoanza, yeye dereva na Didasi utingo wake, kupeleka maharage ng'ambo ya mpaka. Kule walikuwa na hofu ya vita, na kila mgeni machoni pao alikuwa mpelelezi. Wakawakamata wote wawili. Lori wakalizuia, maharage wakayala. Mpelelezi gani anatembea na magunia ya maharage?

Serikali haikututupa, hilo siwezi kulikana. Mkuu wa wilaya alituita ofisini, mimi na Mama Didasi, akatuambia habari zimefika Dar es Salaam na kwamba balozi wetu kule anashughulikia. Duka la ushirika likaagizwa tusikose unga wakati watu wanapanga foleni. Mama Didasi aliporudi kwake Pito alikwenda moja kwa moja kwa balozi wake wa nyumba kumi kumshukuru. Mzee wa watu akabaki kinywa wazi. Aliponisimulia tulicheka mpaka machozi. Ndivyo tulivyokuwa. Mimi niliyekuja huku kutoka Rungwe bila ndugu, nilimpata yeye. Nikienda Pito ananifungia unga wa ulezi, akija mjini analala kwangu.

Mwezi uliopita akaja afisa wa Mambo ya Nje, Ndugu Salehe. Alisema wenzetu wa ng'ambo wamekubali kumsikiliza mtu mmoja wa familia. Mmoja tu. Mama Didasi akanishika mkono.

"Nenda wewe, mwanangu. Mimi Kiswahili kinanikwama mbele ya wakubwa. Kawasemee wote wawili."

Nikaenda ng'ambo na Ndugu Salehe. Mume wangu nilimsemea vizuri, hata nikajishangaa. Kisha mkubwa mmoja wa askari wao akauliza habari za Didasi. Alisema kijana huyu anazungumza lugha ya kwao kama mzaliwa, kwa hiyo ni mtu wao aliyetoroka, na yeyote anayemficha ana kesi moja naye. Ni kweli Didasi anaijua ile lugha. Bibi yake aliolewa kutoka huko. Nilikuwa nalijua hilo, na kulisema tu kungetosha.

"Unamfahamu?" akaniuliza.

Nikamwona mume wangu akiponyoka mikononi mwangu.

"Namjua kama utingo tu," nikasema. "Kwao sikujui."

Ndugu Salehe aligeuka akanitazama.

Kwao nakujua. Nimelala kwao. Tusa alipougua surua, Didasi ndiye aliyembeba mgongoni mpaka hospitali, baba yake akiwa safarini.

Juzi Baba Tusa aliposhuka kwenye gari, mashavu yamebonyea, hata hajakaa akauliza, "Didasi ametangulia?" Walikuwa vyumba tofauti, na ya kikao changu hakujua lolote. Nikamwambia amebaki kidogo kwa mambo madogo madogo.

Jana Mama Didasi akaja kwa miguu kutoka Pito, jogoo kwapani, kunipongeza. "Wako amefika," alisema, "na wangu yuko njiani." Nikampokea. Nikamchinja yule jogoo nikampika, tukakaa kula.

Nilikula. Naliandika hili ili nisije nikajidanganya baadaye.

Tukiwa bado mezani Baba Tusa akaanza kusimulia. Kwa siku nyingi alimsikia Didasi chumba cha pili akipigwa. Walimtaka aseme dereva ndiye mpelelezi, kisha wamwachie aende zake.

"Alikataa," akasema. "Kila siku alikataa."

Nikalirudisha tonge sahanini. Nikasema yote palepale, mbele yao wote wawili, nikiitazama meza.

Mama Didasi aliacha kula. Kisha akauliza polepole, "Ulisema kwetu hukujui?"

"Ndiyo, mama."

"Na mimi hunijui?"

Akanawa mikono, akatoka, akaenda kukaa nje ukutani kwenye upepo. Baba Tusa akachukua blanketi akamfuata. Mimi hakunitazama.

Leo asubuhi tukaenda watatu kwa Ndugu Salehe, ambaye bado yuko nyumba ya wageni ya serikali. Aliniacha nimalize.

"Mama Tusa," akasema, "tulikuwa tumebishana nao vizuri mpaka pale. Neno lako ndilo waliloshika. Kila tukiwaambia ni raia wetu, wanatujibu hata mtu wenu alisema hamjui."

Akatuacha barazani akaenda kupiga simu. Tulingoja mpaka jua likapanda. Aliporudi alisema watasikiliza tena, kwa sharti kwamba aliyesema ndiye aje akanushe, na mama mzazi awepo. Balozi mwenyewe atakaa nasi kikaoni.

"Lakini nisikufiche," akaongeza. "Wanaweza kusema ulikuwa unamficha. Tutakupigania kama tulivyompigania mumeo. Kukuahidi kwamba utarudi siku hiyohiyo, siwezi."

Nilimgeukia Baba Tusa. Nadhani nilitaka anizuie.

"Nenda," akasema.

Sasa jua linazama. Nimemfungia Tusa nguo zake. Kesho baba yake atampeleka kwa jirani kama nitachelewa. Mtoto hajui. Anafikiri nakwenda kumchukua Didasi kama mtu anavyokwenda kuchukua mgeni stendi. Mama Didasi yuko jikoni anamlisha uji. Anacheka na mtoto wangu, mimi hanisemeshi.

Amenisemesha mara moja tu tangu jana, tulipokuwa tunatoka kwa Ndugu Salehe. Alisimama, akajitanda kanga yake vizuri, akanitazama usoni.

"Safari hii nitakuwa nimekaa hapo hapo," akasema. "Useme kwa sauti, nisikie."

Nimemwambia nitasema.

Mungu wangu, nitasema?