Somo wa Vumilia

Lipingo, 4 Machi 2024

Kaka Vumilia,

Shikamoo. Natumaini wewe, wifi Eunice na watoto hamjambo. Mimi huku nipo, ila siyo sana. Naandika barua kwa sababu simu Tadei ameibamiza ukutani. Katekista Joakim anakuja Mbinga kununua mishumaa, atakupa mkononi.

Mimba ina miezi saba. Jumapili Tadei alinipiga na kafi la mtumbwi, mkono wa kushoto ukavunjika. Kosa langu: dagaa wa usipa niliowaanika kichanjani walilowa mvua, nami nilikuwa kanisani. Mama mkwe akaja kunikanda, akasema, “Mtoto huyu, awe wa kike awe wa kiume, tutamwita Vumilia. Somo wa kaka yako, jina la heshima.” Nimeona nikuulize kwanza. Labda Tadei akisikia jina lako humu ndani kila siku ataona haya.

Mdogo wako,
Veneranda

Mbinga, 9 Machi 2024

Mdogo wangu Veneranda,

Marahaba. Sisi wazima, mashine zote mbili zinasaga. Habari za mkono siulizi.

Jibu ni hapana. Mtu mwenye somo wake ndani ya nyumba haendi kuivunja nyumba hiyo. Mama mkwe wako analijua hilo kuliko wewe. Anataka kunifunga mdomo kwa jina langu mwenyewe.

Wewe ulizaliwa mwisho, hukuambiwa. Mama alikuwa na mimba yangu baba alipomng'oa meno mawili kwa mpini wa jembe, huko juu kwenye shamba la ngolo, eti mashimo hayakunyooka mstari. Bibi akaja na maji ya moto: “Vumilia, mwanangu.” Mama akajibu, “Sawa, ndilo jina lake, ili kila mkimwita mkumbuke mlichoniambia.” Alitaka liwachome. Wao wakalisifu! Baba ndiye aliyelipenda kuliko wote. Alikuwa akipiga huku anahesabu kwa sauti, nami uvunguni nahesabu naye. Unadhani hesabu nilifundishwa shule? Shule niliishia la tano. Mashine hizi sikurithi kwa mtu.

Joakim alikuwa na kitabu chake cha ubatizo mkobani. Tumepekua miaka kumi: Vumilia ishirini na watatu, wa kike kumi na wanne, wa kiume tisa. Nikamwuliza, “Mama zao wangapi umewaona na uso uliovimba?” Akakoroga chai ambayo haikuwa na sukari.

Panda gari Alhamisi. Chumba kipo. Usiage mtu.

Kaka yako,
Vumilia

Mbinga, 22 Machi 2024

Veneranda,

Hujambo? Alhamisi mbili nimesimama stendi, magari manne, sikukuona. Joakim anasema uko hai, zaidi ya hapo hasemi. Jumatatu nakuja mwenyewe.

Kaka yako

Litumbandyosi, 15 Aprili 2024

Kaka,

Shikamoo. Sijui kama mahabusu wanawapa barua. Natumaini unakula.

Nilichelewa kwa sababu Tadei alikuwa hatoki nyumbani. Jumanne ile angekwenda ziwani, na mama Gertruda, anayenunua usipa kwetu, angenichukua kwenye gari lake mpaka kwake huku. Nguo zilikuwa tayari ndani ya gunia. Wewe ukaja Jumatatu.

Ulichukua kafi lilelile. Pigo la kwanza lilimpata Tadei begani. La nne nilisikia kiwiko kikivunjika. La saba alikuwa chini, anatema damu, nikapiga kelele, “Kaka, inatosha, ameanguka!” Hukunisikia, ulikuwa unahesabu. Kwa sauti, kaka. Nilikushika shati ukanisukuma, nikaangukia kichanja, chupa ya uzazi ikapasuka pale pale mchangani. Ulifika kumi na saba ndipo watu wakakukamata.

Tadei yu hai. Mkono wake wa kulia hautashika kafi tena. Simlilii, na kwake sirudi. Ila na chumba chako nimekikataa. Siwezi kulala nyumba moja na sauti ile.

Mtoto alizaliwa na kilo moja na nusu. Nambeba kifuani, ngozi kwa ngozi, kama manesi walivyonielekeza. Ni wa kike au wa kiume, utajua siku utakapokuja mikono mitupu.

Mama mkwe alinifuata wodini: “Sasa yaishe. Aitwe Vumilia.” Nikamwita Joakim afungue kitabu. Wewe mtu wa hesabu, nikuambie: Vumilia bado ni ishirini na watatu. Pona hakukuwa na hata mmoja. Joakim akashika kalamu, akauliza, “Pona? Hilo la kiume au la kike?”

Nikamwambia, “Andika.”

Mdogo wako,
Mama Pona