Kiti cha Chupa

Papa wangu uliye mbali Stellenbosch,

Chupa imefika. Wewe hukufika.

Unakumbuka ulipokuwa mhudumu katika mgahawa wa mjini, jinsi ulivyorudi nyumbani Naviundu ukitufundisha divai kwa bilauri ya maji? Ulisema divai nyekundu unayoipenda haitoki kwenye zabibu za aina moja. Kila aina huchachushwa peke yake, kisha zinakutanishwa. "Cabernet njo miye, iko na nguvu," ulituambia. "Merlot njo mama yako, inalainisha. Na Shiraz iko weye, mutoto wa pilipili!" Mama alicheka hadi bukari, ugali wetu, ikashika chini ya sufuria.

Kisha ukaenda kufanya kazi huko Stellenbosch, mbali kusini, kwenye mashamba zinakoota zabibu zenyewe. Kwa simu ulinieleza milima, upepo wa bahari unaopoza mizabibu alasiri ili tunda lisiive kwa pupa, na mvua inayonyesha wakati wa baridi. Nilishangaa, maana baridi ya Lubumbashi ni vumbi tu. Nilimweleza mwalimu wa jiografia, akanisifu mbele ya darasa. Siku ile nilijivunia wewe. Nataka ulijue hilo kabla sijasema mengine.

Uliniahidi: "Siku ya kipaimara yako, mama, nitakuya na chupa mu mukono. Tutakula michopo." Ulisema divai hii ina uchungu unaokausha ulimi, na mafuta ya mbuzi wa kuchoma ndiyo yanayoutuliza, lakini samaki wa chumvi asikaribie meza hiyo. Basi mama akachoma mbuzi. Samaki wote wa chumvi akawapeleka kwa jirani. Akakuwekea kiti.

Baada ya misa lori lilisimama mbele ya nyumba. Nilikimbia na gauni langu jeupe. Dereva, rafiki yako, alishuka peke yake. Kwenye kiti cha pembeni mwake kulikuwa na chupa, imefunikwa blanketi, imefungwa mkanda kama mtu.

"Papa anasema bosi alimukatalia congé, likizo hakuna," akaniambia. "Atakuya siku ingine."

Siku ingine. Ndivyo ulivyosema Noeli, na Pasaka pia.

Mezani Tantine Béa, dada yake mama, akamimina Coca ndani ya divai yako. Nikapiga kelele.

"Unalia nini? Si banaandika ku chupa asema iko mélange, ya kuchanganya? Miye nasaidia tu!"

Wote wakacheka, hata mama. Akaniruhusu nilowanishe ulimi. Ilikuwa tamu. Nilikasirika kwa sababu ilikuwa tamu. Nilikuwa nimejiandaa kwa uchungu ule ulionifundisha, lakini kwenye bilauri haukuwepo; uchungu niliobaki nao ulikuwa wangu peke yangu. Kiti chako akakikalia dereva, akala nyama yako na kuisifu.

Alipokuwa anaondoka nilimuuliza ni nani aliyekaa karibu naye njiani.

"Hapana muntu," akasema. "Toka kule mpaka hapa, miye na divai tu."

Papa, kiti kile nimekiona. Ni kipana, na mkanda wake unafunga vizuri. Dereva atapita tena kwenye mashamba yenu. Usimpe chupa. Tutakunywa maji, kama zamani. Safari hii kaa wewe.

Ndimi binti yako, mwenye pilipili