Kwenye Orodha Yao Mume Wangu Hana Mke

Jumapili, 7 Septemba 2003

Na tena si kweli kwamba nilitafsiri vibaya ile kaseti! Nimesoma Kifaransa miaka sita, nina diploma yangu, na nilisema wazi mbele ya watu wote: huu ni mchezo wa televisheni. Mchezo! Wazungu wale wanapigwa picha ili wazungu wengine wakae kwenye viti wawatazame. Lakini Baba Henri, baba mkwe wangu, ameshika lake tangu jana, na leo tumetoka kanisani bado analo.

Kaseti imetoka kwa Déogratias, kaka mkubwa wa bwana yangu, aliyeko Kanada tangu mwaka juzi. Ilivuka ziwa kutoka Kigoma hadi hapa Baraka pamoja na barua, imefungwa ndani ya soksi. Jana tulikwenda kwa Kassimu, yule anayeonyesha filamu nyuma ya soko. Akawasha jenereta. Picha haikuwa na rangi, tena inarukaruka — Kassimu anasema kaseti za huko hazisikilizani na mashine za hapa.

Basi. Bwana mmoja, bibi yake, watoto wawili. Wanapelekwa Australia wiki moja kujaribu. Wanapewa ufunguo wa nyumba, wanaonyeshwa shule, wanaonyeshwa kazi ya bwana. Siku ya mwisho wanakaa kwenye kiti kirefu na kila mmoja anainua kadi: kubaki au kuhama. Hata mtoto wa miaka saba ana kadi yake! Yule mama alilia. Kwa nini? Jiko la nyumba mpya lilikuwa dogo. Jiko! Mwaka 98, vita ilipofika, mimi na mama tuliacha mboga ya sombe motoni tukakimbilia milimani, na hakuna aliyetuletea kamera.

Baba Henri, anayengoja Déo amwite Kanada, akapiga goti lake kwa furaha: "Munaona? Ndiyo venye itakuwa. Wiki moja ya kujaribu. Nikichoka na baridi, narudi zangu."

Nikasema, "Baba, hii ni ya televisheni tu."

"We mutoto, Déo hawezi kutuma muchezo kutoka mbali vile."

Bienfait, bwana yangu, alinishika mkono gizani wakati wote, na kidole gumba chake kina alama ya mafuta ya injini isiyotoka hata kwa sabuni. Wiki tano na siku moja tangu harusi! Kila asubuhi nikiamka namwangalia kwanza kama yupo kweli. Yupo!

Jumanne, 9 Septemba

Nimekasirika mpaka kalamu ya bic inatoboa karatasi.

Leo ile barua ya Déogratias ilisomwa. Niliisoma mimi, kwa kuwa mimi ndiye mwenye macho ya haraka, na laiti ningejua! Familia hii ilikaa kambi ya wakimbizi, ng'ambo ya ziwa, tangu 99 mpaka mwaka jana. Walikuwa na kadi moja ya kambi yenye majina matano: baba, mama mkwe wangu Mama Godelieve, wifi yangu Georgette, Bienfait, na mdogo wao Gentille. Sasa kadi hiyo imeitwa. Tarehe 29 wenye majina wawe kambini kuhojiwa, na wakipita wataanza safari ya kumfuata Déogratias. Asiyekuwepo anafutwa.

Halafu mstari ule. Déogratias anaandika: msibadilishe kitu chochote kwenye kadi, ukigusa jina moja faili inarudi chini, mtangoja miaka. Bienfait ameandikwa célibataire, yaani hajaoa. Nililisoma neno hilo kwa sauti yangu mwenyewe, mbele ya watu, na nguo ya harusi bado haijafuliwa mara ya pili.

Nikamwangalia Bienfait. Anaangalia viatu vyake.

Kisha Baba Henri akaamuru tufanye kama wale wa kaseti. Kila mtu na kadi! Georgette akaingia chumbani kwetu bila kubisha, akarudi na jalada la daftari hili — hili ninaloandika! — akalikata kwa kisu vipande vinne. Vinne. Nikanyoosha mkono. Akacheka.

"Weye hauna mafiga, hauna kadi."

Ndiyo desturi ya ukoo wao. Bibi-arusi anapika kwenye jiko la mama mkwe, na kwenye kikao yeye ni wa kuleta maji ya kunawa, mpaka siku mama mkwe atakapomwekea mafiga matatu yake. Sawa, desturi nilikuwa naijua. Lakini mtoto wa mzungu, miaka saba!

Walipiga kura. Baba Henri: kuhama. Georgette: kuhama, na aliinua kadi mikono miwili. Mama Godelieve: kubaki. Bienfait aliiweka kadi yake juu ya meza, upande wa maandishi chini, akasema kuna mtu wa boti anamngoja na injini, akaondoka.

Hakuna mtu wa boti aliyekuwa anamngoja. Nilimkuta nyuma ya nyumba ameketi juu ya ndoo. Nikakaa karibu naye. Nywele zake zinanukia petroli na mimi naipenda harufu hiyo, Mungu anisamehe.

Alhamisi, 11 Septemba

Niandike polepole, nisije nikapasua ukurasa.

Bienfait amepata dawa. Ndivyo alivyoanza: "Bibi yangu, nimepata dawa." Gentille alifariki kambini mwaka 2001, kipindupindu, ana miaka kumi na saba. Lakini jina lake halikufutwa. Nilijua kwamba alikufa. Sikujua kwamba kwenye kadi bado anaishi. Kwa hiyo — anasema bwana yangu, mtu niliyemwapia mbele ya Mungu na mbele ya kwaya tatu — kwa hiyo mimi niende kama Gentille. Umri unakaribiana. Picha ya kadi imefifia. Tukifika Kanada tutarekebisha yote.

"Niwe dada yako?"

"Kwa karatasi tu."

Kwa karatasi tu! Na ndoa yetu ni nini kama si karatasi na neno? Tena alikuwa amejiandaa. Akanihoji palepale.

"Ulizaliwa wapi?"

"Lubondja."

"Hapana, Baraka. Mama yako ni nani?"

"Marthe."

"Godelieve! Ketsia, tafazali. Na mimi ni nani yako?"

"Bwana yangu."

"Yaya yako, kaka mukubwa."

Alinyoosha mkono kunigusa shavu, kama anavyofanya, kisha mkono ukasimama katikati ya safari. Yeye mwenyewe aliona! Nikamuuliza: huko nitalala chumba kipi? Nikikusalimia asubuhi nisemeje, shikamoo yaya? Na Mungu akitupa mtoto, aandikwe nani? Baba yake ndiye mjomba wake?

Akacheka. Kisha hakucheka tena. Akasema, "Bibi yangu, mi nilitembea kwa miguu kutoka Kilembwe na risasi nyuma yangu. Sitaki mutoto wangu atembee vile. Nikiona mulango iko wazi, napita."

Hilo ndilo linaloniumiza. Kwamba ana haki. Ana haki, na bado nimekasirika, na bado ni mzuri akisema maneno hayo, taya lake linakaza. Namchukia kwa kuwa mzuri leo.

Jumamosi, 13 Septemba

Mama Godelieve amejua. Georgette hakuweza kuufunga mdomo. Tulikuwa tunachambua dagaa pale uani, Georgette akaniita kwa kunichokoza: "Gentille! Lete kitunga!"

Mama alisimama. Sijawahi kumwona mtu akisimama hivyo, dagaa zote zikamwagika mchangani.

"Nani amesema lile jina?"

Baba Henri, aliyekuwa ananyoa ndevu dirishani, alishusha wembe.

"Tulikula bunga yake, posho ya kambi, miezi kumi," Mama akasema. "Mutoto iko chini ya udongo, na kila mwezi mi nasimama kwa mustari naitika kwa ajili yake. Présent, iko hapa. Présent ya nini? Ile bunga ilikuwa inanikaba. Sasa munataka nimwite tena? Jina ya mutoto wangu haiko nguo ya kuazima."

Baba Henri akasema taratibu kwamba kila mtu kule alifanya hivyo. Mama akajibu, "Mi siko kila mutu."

Akapita mbele yangu bila kuniangalia. Nilidhani ananichukia. Nilitaka kupiga kelele: Mama, na mimi nimekataa! Nimekataa tangu Alhamisi! Lakini bibi-arusi hapigi kelele. Nikaokota dagaa, nikazipuliza mchanga moja moja, machozi yananishuka kwa hasira, Georgette naye anaokota pembeni yangu.

Jumatatu, 15 Septemba

Nimepewa jiko langu!!

Asubuhi nilipotoka kuchota maji nikamkuta Mama Godelieve amepiga magoti nyuma ya chumba chetu, mikono imejaa udongo. Mafiga matatu, mazuri, ya mawe meusi ya mtoni. Alikuwa amekwenda kuyachukua yeye mwenyewe. Akaniletea kaa la moto kutoka kwenye jiko lake, juu ya kipande cha chungu, akasema, "Washa. Wewe ni bibi ya mutoto wangu. Huwezi kuwa kitu kingine." Nikawasha. Moshi ukatuingia machoni wote wawili, nikamkumbatia, naye akaniacha nimkumbatie! Bugali wangu wa kwanza kwenye moto wangu. Uliungua chini kidogo. Bienfait aliusifu kama mtu aliyekula karamu, akakwangua hata sufuria.

Niliimba mchana kutwa. Mpaka wifi Georgette alipopita na ndoo kichwani.

"Hongera, mulamu. Sasa uko na jiko. Muntu na jiko yake, unaonaga banaibebaga?"

Nikaacha kuimba.

Maana ni kweli, jiko halibebwi safarini. Wao wanaondoka Jumamosi. Mama pia anaenda; bila mama kadi inakufa, na yeye amesema, "Mi naenda kuona kaburi. Mengine ni yao." Basi amenipa jiko siku tano kabla ya kuondoka, hapa Baraka, ardhini, mawe ambayo hayaingii kwenye boti. Ni heshima au ni mtu kuwekwa chini na kuambiwa kaa? Nimeyazunguka yale mawe mara nne. Sijui. Labda ni vyote viwili, na hilo ndilo baya zaidi, kwa sababu siwezi hata kukasirika vizuri.

Jumatano, 17 Septemba

Mvua. Risasi upande wa barabara ya Fizi, mbali, watu hawakukimbia. Hatujasemezana, mimi na Bienfait, tangu chakula cha jana. Wiki ya saba ya ndoa haijaisha na tumekwisha kujua kunyamaza.

Ijumaa, 19 Septemba

Tumesemezana! Amekuja na machungwa mawili ndani ya kofia yake, akapiga magoti mbele ya jiko langu kama mtu anayeposa upya. Ameamua. Hatakwenda kuhojiwa kama célibataire. Atakwenda na cheti chetu cha ndoa, kile chenye mhuri wa mchungaji, atakiweka mezani kwao, atasema: huyu ni bibi yangu, mwandikeni. Wakikataa, anarudi. Faili ikirudi chini, irudi! Nikamwuliza mara mbili kama cheti amekichukua. "Iko mu sac yangu ya safari, bibi yangu, karibu na sabuni. Tulia."

Nikatulia. Mume gani mwingine Baraka nzima!

Jambo moja tu. Nilipomwambia nitamngoja, alisema, "Mwezi hautaisha kabla sijakuja kukutembelea." Kunitembelea. Nikasema, mtu anarudi nyumbani, hatembelei. Akacheka, akasema Kifaransa kimeniharibu, nashika kila neno. Labda.

Jumamosi, 20 Septemba

Wameondoka saa moja asubuhi. Boti ilijaa, Baba Henri amevaa koti la harusi yetu, amebeba na mwavuli, bado anauliza kama ile nyumba ya kujaribu ina kitanda cha mbao. Mama Godelieve alinishika mikono miwili. Bienfait alisimama nyuma, karibu na injini, akainua kofia, akaendelea kuiinua mpaka nisione tena kichwa wala kofia. Nilisimama pale hadi mlio ukaisha.

Nikarudi nyumbani. Nikafungua sanduku nichukue shati lake la kazi, nilale nalo — ndiyo, mimi ni mjinga wa namna hiyo. Chini ya shati, cheti. Ndani ya plastiki yake. Mhuri, saini, jina lake, jina langu.

Nilikaa nacho mapajani tangu saa nne hadi saa nane.

Pengine alisahau. Haraka, mizigo, baba yake anaita. Pengine. Lakini mtu huyu hafungi injini kabla hajapanga skrubu zote juu ya kitambaa na kuzitaja moja moja. Na shati lilikuwa limekunjwa. Bienfait hakunji shati, ila akiwa na cha kufunika.

Sitalia. Nimekwenda bandarini. Kuna boti Alhamisi, siku nne kabla ya kuhojiwa, na mwenye boti ni mtu wa Lubondja, anamjua mama yangu. Jumanne kuna nyingine ya mizigo, itabeba barua. Nimeiandika tayari, fupi, nainakili hapa nijue nilichosema:

Bienfait wangu, karatasi imebaki nyumbani. Kama ulisahau, utaniambia uso kwa uso. Kama hukusahau, utaniambia vilevile. Usihangaike kuvuka, ziwa ni baya wakati wa mvua. Mwambie Baba aongeze mtu mmoja kwenye chakula. Kabla ya mwezi kuisha mimi ndiye nitakayekuja kukutembelea.