Neno Lililozima Moto wa Mama

Nyumba ya Juu,
Mtaa wa Wavuvi,
Craigmouth, Uskoti.

9 Desemba 1987

Mpendwa binamu yangu Netta,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye mvua ya ubavu, ile isiyoanguka bali inakupiga kofi. Goti lako linaendeleaje? Kaka Wattie aliniambia daktari alitaka kulipasua, nami tangu siku hiyo nakuombea. Natumaini mumeo Lachlan na binti yenu Catriona ni wazima, na kwamba huko Dunedin jua limekumbuka kazi yake.

Sisi hatujambo. Shangazi yako, yaani Mama, naye hajambo, tena hajambo kupita kiasi. Mgonjwa ni mimi, na ugonjwa wangu ni yeye. Kama si kukuandikia haya ningepasuka.

Ile nyumba iliyo nyuma ya banda letu la moshi, tunamokaushia samaki, aliyokuwa akikaa marehemu nahodha, imepata mtu. Ni mama mmoja wa makamo kutoka Uingereza ya kusini, Bibi Rosalind Harcombe, anaishi peke yake. Siku ile ile aliyohamia, Mama alichukua samaki wawili wa moshi, hadoki, wamefungwa mikia, wangali na joto la moto, akavaa koti la kanisani akapanda kumkaribisha. Mlangoni akamtakia ile dua yetu ya tangu na tangu, kwamba dohani yake i-"reek" miaka mingi.

Wewe hujalisahau neno hilo, Netta. Kwetu ni kufuka moshi tu. Nani asiyetaka dohani inayofuka, maana yake ndani mna moto, na penye moto pana chakula na watu? Lakini kwa watu wa kusini neno hilo hilo ni kunuka, tena kunuka vibaya. Na dohani nayo sisi tunaiita kwa jina letu wasilolijua. Basi alichosikia mgeni wa watu ni kwamba kitu chake fulani kinuke maisha. Alishukuru kwa midomo, akafunga mlango. Kesho yake Mama akawaona ndege shakwe wakigombea samaki wake kwenye pipa la taka. Chakula cha mchana hakukigusa.

Haikupita muda, afisa wa afya wa halmashauri akatushukia, kijana wa huko huko kusini, viatu vyake havijui magamba. Mimi nilikuwa ndani nikitoa matumbo ya samaki, nasikia kila neno.

"Bibi, tumepata malalamiko. Ni kweli banda hili lina-reek?"

"Haya makubwa! Banda la moshi lisipo-reek lina kazi gani, kijana wangu? Lili-reek kwa bibi yangu, lika-reek kwa mama yangu, na Mungu akipenda lita-reek mimi nikiwa kaburini."

"Na majirani je? Wanasemaje?"

"Majirani nao wana-reek, nyumba kwa nyumba. Ila yule mgeni wa juu tu, ana hita za umeme. Namhurumia kwa kweli."

Nilitoka mbio na kisu mkononi, napiga kelele, "Moshi! Anasema moshi!" Yule kijana alirudi hatua mbili nyuma. Alikuwa ameshaandika na kufunga kalamu. Tukaamriwa kuzima moto mpaka halmashauri ikutane.

Netta, unajua moto ule ulikuwa hauzimwi ila siku za maziko. Mama alimwaga maji mwenyewe kwenye magogo, akayatandika magunia juu yake kama anayefunika maiti, kisha akakaa kwenye kiti chake anatazama ukuta. Nikamwambia, "Mama, nenda kamweleze yule kijana ulikuwa na maana gani." Akanijibu, "Niliulizwa kwa Kiskoti, nikajibu kwa Kiskoti." Nikamwambia hakuulizwa kwa Kiskoti. Akasema, "Basi kosa ni la aliyeuliza." Hivi kichwa kile kimejengwa kwa mawe gani?

Nikaenda mimi halmashauri. Nikamweleza yule kijana kwamba zamani za kale neno lile lilikuwa moshi tu, kwao kama kwetu. Kwamba Wajerumani mpaka leo wanaita moshi kwa neno lililotoka tumbo moja nalo. Kwamba hata Edinburgh, mji wetu mkuu, tunautania Mzee Moshi kwa neno hilo hilo na hakuna aliyeufungia. Wao kusini ndio walioacha moshi ukapotea ndani ya neno, ikabaki harufu, na harufu nayo ikawaozea mikononi. Alinisikiliza vizuri. Halafu akasema, "Asante kwa somo, dada, lakini pua haisomi historia." Nilitaka kumtupia kiti.

Hasira zile zile ndizo zilizonipandisha kwa Bibi Harcombe. Sikubisha hodi, nilipiga mlango.

"Umetuzimia moto!" nikamwambia. "Mama yangu alikuletea samaki na baraka, wewe ukamlipa kwa polisi wa pua!"

"Baraka?" akasema. "Mama yako alisimama hapo hapo uliposimama akaniambia ninuke!"

Nikamfafanulia, kwa ukali, neno kwa neno. Aliketi kwenye ngazi akajifunika uso, nikadhani anacheka. Kumbe analia. Akaniambia si harufu iliyompeleka halmashauri. Nyumba waliyokuwa wakiishi Bristol iliungua. Yeye alitolewa dirishani, dada yake hakutoka. Kila asubuhi moshi wetu ulipopenya dirishani mwake alikuwa anaamka akimwita marehemu kwa jina. Aliona haya kumwandikia afisa mambo hayo, akaandika neno moja tu, lile la kunuka, alilodhani linatosha.

Nilishuka kilima sina hata hasira ya kujisitiri nayo.

Nilimweleza Mama. Akanawa mikono, akavaa lile koti, akapanda. Nilimfuata, akanifungia mlango nje kama paka! Nilisimama kwenye mvua mpaka soksi zikalowa. Mpaka leo hakuna aliyeniambia walisemezana nini, na kila nikiuliza Mama anasema, "Hayakuhusu, Elspeth." Hayanihusu, mimi niliyekimbia huku na huku kama mwendawazimu!

Basi, Bibi Harcombe akafuta malalamiko, halmashauri nayo ikaturuhusu kuwasha tena. Wattie akairefusha dohani ili moshi upite juu ya dirisha la yule mama, na sasa unaingia moja kwa moja kwangu, juu zaidi kilimani. Shuka zangu zote ni hadoki. Nikilalamika, wananiambia nihamishe kamba ya kuanikia.

Jumatatu iliyopita ndiyo ilikuwa siku ya kuwasha. Tulikuwa bandani, Mama ameshapanga magogo, mara Bibi Harcombe akatokea kwenye uwazi wa mlango, amevaa buti, mweupe kama chokaa. Mama alimpa kiberiti tu. Njiti ya kwanza ilivunjika. Ya pili ilizimika kabla ya kufika kwenye magogo. Mimi nikanyoosha mkono nimsaidie, Mama akanikanyaga mguu, tena kwa kisigino. Ya tatu ikashika. Moto ulipopanda, yule mama alitaja jina la dada yake, Harriet, akabaki pale pale anautazama, mpaka samaki wakaiva.

Nisalimie sana Lachlan na Catriona. Wattie anawasalimu, na Mama anasema ule ushibe. Mungu akushike goti na roho, akupe majirani wasemao unachoelewa.

Ni mimi binamu yako, niliyechoka na watu wote isipokuwa wewe, nikupendaye,

Elspeth