Mashine Imebarikiwa, Haijafutwa

Remmy,

Mboga ipo jikoni, pasha. Nimekwenda jumuiya.

Asubuhi mashine yako mpya ya mchezo wa gololi imekwama tena, watoto wakanizomea mimi pale kibandani. Nilipokwambia uifute, ukanijibu, "Mama, padri ameibariki, nikiifuta si naondoa baraka?" Una akili kweli? Padri aliinyunyizia maji ya baraka, hakuja kukufanyia usafi! Muuzaji alikwambia mbele yangu: hata ikiwa mpya, kila wiki ufungue kioo, ufute vumbi, uangalie ile mipira ya kurudishia gololi kama imelegea. Ukaitikia "ndiyo, ndiyo," macho kwenye zile taa za mashine.

~~Iuze.~~ Hapana, usiiuze. Isafishe leo hii. Kitambaa nimekuwekea, ni shati la marehemu baba yako. Pikipiki yake nayo ilibarikiwa, na bado aliiosha kila Jumamosi.

Mama yako