Shairi la Mama Lisilo na Vina

Jumatano, mtaa wa Xiaobei, Guangzhou. Mvua tangu alfajiri, kuta za ofisi zinatoka jasho. Nimeamka na hasira na kila mtu.

Wiki tatu Baba hajanijibu.

Baba ni mtunzi. Huko Unguja mashairi yake husomwa redioni. Nyumbani kwetu shairi likitumwa hujibiwa kwa shairi. Ukinyamaziwa, ujue ulicholeta si shairi. Na mie nimemtumia la Mama, aliyezikwa nikiwa huku Uchina nafunga mizigo ya watu, tiketi sikuipata.

Mwaka mzima nimejaribu kumwandika kwa vina. Wallahi, kila nikipata kina nasema uongo. Namwita mpole, namwita msubirivu. Mama! Alikuwa mkali, akipenda ubishi na urojo wa pilipili.

Mchokozi wa haya yote ni Naima, Mmoroko ninayefanya naye kazi hapa. Alinipa kitabu cha mshairi wa kwao Fez, na Kiarabu changu cha madrasa kikatosha. Mshairi huyo ni mtoto wa fundi ngozi, mwalimu wa shule ya msingi hadi kustaafu. Alianza kwa vina kama wenzake. Mama yake alipofariki akaviacha, akaandika tu vyombo vilivyobaki jikoni. Wazee wakasema ameiua lugha. Leo, anasema Naima, vijana wa kwao karibu wote wanaandika kama yeye.

Kumbe inawezekana! Nikaandika la Mama kwa siku moja, nikalituma kabla sijaogopa.

Kisha nikaogopa.

"Si umpigie simu?" Naima kaniuliza asubuhi.

"Hukujui kwetu wewe. Jibu la shairi haliulizwi kwa simu."

Saa nane mchana nabishana bei na dereva wa mizigo, simu ikalia. Picha ya karatasi, mwandiko wa Baba:

*Shairi lako mwanangu, limenifika chumbani,*
*Limekuja bila pingu, vina vyake sivioni,*
*Nimelia peke yangu, nimejifungia ndani,*
*Andika tena mwenzangu, hata pasipo mizani.*

Nimeusoma nimesimama mlangoni, dereva anapiga kelele. Baba hakusema nimepatia. Lakini kanijibu. Miaka yote nimemshikia karatasi akitunga, akiniita "wewe mtoto". Leo kaniita mwenzake.

Nimelia mbele ya dereva bila haya. Maskini, akadhani ni yeye, akapunguza bei.

Sasa zamu yangu. Baba naye anangoja jibu.