Kapteni Alipopatana na Mashine

Kwa mama yangu mpendwa, Mellen,

Pokea salamu nyingi kutoka kwa mwanao Gekara, huku Kericho kwenye baridi ya majani chai. Natumaini barua hii itakukuta kifua kimetulia na ng'ombe amezaa salama. Sisi tuko. Mkwe wako Mongina anakusalimia, na Nyamusi ameota upya meno ya mbele, kila siku anauliza nyanya atarudi lini. Nimempa Johana, anayekuja huko nyumbani, barua hii mkononi kwa sababu maneno yaliyomo siwezi kukuambia kwa simu. Tafadhali isome mwenyewe, usimpe jirani akusomee.

Mama, mambo ni mabaya. Zile mashine za kuchuma zilizokuondoa wewe kazini zimefika hadi upande wa Mongina, naye amesimamishwa. Nyumba ya kampuni ni ya mtu mwenye kazi ya kampuni, hilo unalijua. Tumeambiwa mwisho wa mwezi tutoke. Kutafsiri filamu kwa kibanda cha sinema cha Bethwel si kazi ya kampuni, hata nikipiga kelele kwa maikrofoni mpaka koo litoke damu. Na shamba alilotugawia baba halina mahali pa kujenga. Silali, Mama. Nimechoka mpaka naogopa mawazo yangu.

Sasa katikati ya haya yote filamu ikaja. Unaikumbuka ile ya vita vya watu na mashine huko angani, ambayo kila sehemu mpya ikitoka uliacha hata kufua ili usikose? Yule staringi mwenye mvi, ambaye watu huku wanamwita Kapteni Mogaka tangu nimbatize hivyo? Sehemu mpya imefika. Jumamosi mchana kibanda kilijaa akina mama, wengi wao wameondolewa kama wewe. Rafiki yako Rebeccah, Mama Mathew wetu wa ukuta mmoja, alikaa mbele kabisa. Yeye angali anachuma ule upande wa mtoni.

Filamu ikaenda vizuri mpaka karibu na mwisho. Hapo Kapteni, mtu aliyevunja mashine tangu sehemu ya kwanza, akamwendea mkubwa wa mashine, akaweka bunduki chini, akampa mkono. Ati wapatane! Ati chombo chake kina watoto na chakula kimekwisha. Mimi niko na maikrofoni mkononi, na wale mama wote wananitazama mdomo. Nilishindwa kulisema. Nikawaambia Kapteni anajifanya rafiki ili aingie ndani akate nyaya, na ule mkono ameushika ili lile lidude lisikimbie. Wacha vigelegele! Mama Mathew alicheza mpaka benchi likaanguka.

Jumapili baada ya kanisa wakaja vijana wanaoendesha mashine za majani, wakiongozwa na Kimutai, aliyesoma shule ya Kabianga na anayesikia Kiingereza kuliko mimi. Hao ningewadanganyaje? Nikatafsiri kama ilivyo. Wakapiga makofi, wakasema hii ndiyo sehemu bora kuliko zote.

Kwani nilikuwa nafikiria nini? Kesho yake, pale majani yanapopimwa, ikawa vita. Akina mama wanasema Kapteni amemaliza mashine. Vijana wanasema Kapteni amepata akili, amefanya amani. Kila upande unaapa umeona kwa macho, na ni filamu moja! Kimutai akaitwa mwongo, naye akawaita akina mama washamba, wakakaribia kupigana. Mwishowe Bethwel akanisimamisha mbele ya kibanda, akasema nihukumu mimi: Kapteni alifanya nini, na filamu hii ni nzuri ama ni takataka.

Nikasema ukweli, kwamba alipatana nao. Jameni, nilizomewa! Mmoja alinirushia gunzi la mahindi. Wakasema basi waliotengeneza filamu wamekula hongo, huyo si Kapteni tena, ni msaliti. Nikajibu kwamba filamu ni nzuri. Nikasema mtu akichoka, na watoto wake wana njaa, na hana pa kwenda, msiharakishe kumtukana. Nilitetea mpaka nikatoa machozi, Mama, mbele ya watu wote, kwa ajili ya mtu wa filamu. Kimutai peke yake ndiye aliyeelewa, akaangalia chini.

Maana ni Kimutai aliyenipeleka kwa meneja. Jumatatu ijayo naanza kuendesha mashine, na nyumba tutabaki nayo. Nilikubali hata kabla filamu haijafika. Haki ya Mungu nilitafuta kila mahali, mpaka Bomet kwenye machimbo ya mawe, nikakosa. Na upande niliopewa ni ule wa mtoni. Ni wa Mama Mathew na wenzake. Wao hawajaambiwa.

Jana Mama Mathew alikuja kwetu akimletea Nyamusi maziwa ya mursik. Akasema amefikiria, na kama mimi nimesema filamu ni nzuri, basi ni nzuri, kwa sababu sijawahi kumdanganya ila ile Jumamosi, na siku hiyo nilimdanganya kwa huruma. Nilikaa pale nikanywa maziwa yake, sikumwambia kitu.

Mama, nisaidie. Ukisema nikatae, nitakataa, na sote tutakuja kulala jikoni kwako. Ukisema niende, basi nakuomba wewe umpigie rafiki yako simu, asije akaniona kwanza kule shambani nikija na mashine kwa laini yake ya majani. Nimejaribu, mdomo haufunguki.

Nisalimie Nyagaka na watu wa kanisa. Ng'ombe akizaa, ndama mpe jina atakalochagua Nyamusi, nimemwahidi. Mungu akutunze, nami nangoja neno lako kabla ya Jumatatu.

Ni mimi mwanao, mwenye dhiki,
Gekara